Waipa zinazolala mlimani: jibu kwa mwenye Ford Zephyr ya vakyumu

Swali kutoka kwa msomaji wa Nakuru:

"Mzee wetu alipofariki alituachia Ford Zephyr Mark II ya 1959. Waipa zake hazitumii umeme, zinavutwa na injini. Nikiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu zinapiga haraka kupita kiasi. Nikirudi, nikipanda ukuta wa Bonde la Ufa na mvua inanyesha, zinalala katikati ya kioo. Wakati wa mzee zilikuwa zikipunguza mwendo tu, hazikusimama kabisa. Sasa hata nikiwa nimesimama hapa mjini, injini ikinguruma, zinatambaa. Juu ya hayo gari limeanza kutoa moshi wa buluu. Fundi anasema nitoe mota nifunge ya umeme, na injini niifungue nibadilishe ringi za pistoni. Nimfuate?"

Dada, usinunue mota wala usifungue injini kwanza. Waipa kulala mlimani, kutambaa gari likiwa limesimama, na huo moshi wa buluu, vyote vitatu vinaweza kuwa ugonjwa mmoja, na mahali pa kuanzia kutazama ni pampu ya petroli. Mtu asiyeyajua magari haya atauliza pampu ya petroli na waipa zinahusiana vipi. Basi tuanze hapo, maana ukishaelewa mvuto unatoka wapi na unapita wapi, utaweza kumsimamia fundi yeyote.

Injini ya petroli huvuta hewa kupitia kabureta. Usipokanyaga mafuta, kipepeo cha kabureta kinakuwa kimeziba njia karibu yote, lakini pistoni zinaendelea kuvuta, kama mtu anayevuta soda kwa mrija alioubana na vidole. Hewa iliyobaki ndani ya manifoldi, yaani bomba linaloigawia silinda hewa, inakuwa haba kabisa, na huo uhaba ndio vakyumu. Ukikanyaga mafuta kipepeo kinafunguka, hewa inajaa, vakyumu inakufa. Sasa soma tena barua yako. Ukiteremka Mai Mahiu mguu hauko kwenye mafuta, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini: vakyumu ni kubwa kuliko wakati wowote, waipa zinakimbia. Ukipanda umekanyaga mpaka chini: vakyumu inakaribia sifuri, na waipa hazina cha kuzivuta. Sehemu hiyo ya lalamiko lako ni maumbile ya mfumo wenyewe, na kila aliyeendesha Consul, Zephyr au Anglia ya kizamani alikutana nayo. Ford wa Uingereza waling'ang'ania mtindo huu muda mrefu. Anglia 105E ya 1959 ndiyo iliyokuja na waipa za umeme, wakati Zephyr kama yako ikiendelea kutoka kiwandani na vakyumu. Kule Marekani kampuni ya AMC iliendelea nao mpaka 1972.

Hawakuwa wajinga. Umeme wa magari ya zamani, hasa yale ya volti 6, ulikuwa hafifu na kila taa iliyowashwa iliupunguza. Mvuto wa injini ulikuwa bure, na mota yake ilikuwa rahisi kuitengeneza. Tazama mfuniko wa mota yako, huenda ukakuta maandishi ya Trico, kampuni iliyoanzia Buffalo, jimbo la New York, au Trico-Folberth, tawi lake la Uingereza lililokuwa na kiwanda Brentford, magharibi ya London. Ndani hakuna sumaku wala koili. Kuna chumba chenye umbo la nusu mwezi, na ndani yake kibao kinachoyumba kutoka upande huu mpaka ule. Vakyumu ikivuta upande mmoja, hewa ya kawaida inaingia upande wa pili na kukisukuma kibao. Kikifika mwisho kinaigusa springi ndogo inayogeuza vali, mvuto unahamia upande wa pili, kibao kinarudi. Kingo za kibao zimefungwa ngozi ili hewa isivuje pembeni. Basi. Mota ya namna hiyo huwa haiungui. Inakauka, inachafuka au inavuja.

Sasa, mzee aliwezaje kupanda bila waipa kusimama kabisa? Wahandisi walilijua tatizo la mlima, wakaweka msaidizi. Fungua boneti utafute pampu ya petroli ubavuni mwa injini. Kama ni ya asili, ina vyumba viwili vinavyoendeshwa na mkono mmoja unaosukumwa na kamshafti, ile shafti inayofungua vali za injini. Chumba kimoja kinavuta petroli kutoka kwenye tangi kama pampu yoyote. Cha pili hakijui petroli kabisa: kazi yake ni kuvuta hewa. Paipu moja inatoka kwenye mota ya waipa na kuingia humo, nyingine inatoka humo kwenda kwenye manifoldi. Vakyumu ya injini ikiwa nzuri, inaishinda springi ya pampu, dayaframu inatulia na hewa inapita moja kwa moja. Ukikanyaga mafuta na vakyumu ikaanguka, springi inaachiliwa, dayaframu inaanza kupiga na kuvuta kwa niaba ya injini. Mvuto wake si mkubwa, ila unatosha kuzifanya waipa zisonge taratibu badala ya kulala.

Dayaframu hiyo ni kitambaa chenye mpira. Uso wake mmoja unatazama upande wa vakyumu, mwingine unatazama ndani ya injini kulikojaa mvuke wa oili. Ikipasuka, na baada ya miaka yote hiyo hupasuka, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Pampu haivuti tena mlimani. Hewa kutoka ndani ya injini inapenya kwenye manifoldi muda wote, kwa hiyo hata gari likiwa limesimama vakyumu inakuwa dhaifu na waipa zinatambaa. Na hewa hiyo haiji peke yake. Inabeba oili, oili inaingia kwenye silinda na kuungua, ekzosi inatoa moshi wa buluu. Gari hilo hupelekwa gereji, fundi anaona moshi, anahukumu ringi. Injini inafunguliwa, ringi mpya zinaingia, moshi unabaki palepale. Nimeshaona injini nzuri zikifunguliwa kwa sababu hiyo, na inaniuma kila mara, kwa kuwa kipimo chake hakihitaji hata shilingi moja.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chomoa paipu inayotoka kwenye pampu pale inapoingia kwenye manifoldi. Ingiza kitambaa cheupe kilichoviringishwa kama kidole ndani ya paipu. Ikiwa kitambaa kinatoka kimelowa oili mbichi, ushahidi wa kwanza umeupata. Kisha ziba chuchu ya manifoldi, yaani kile kimdomo ulikochomoa paipu: kata kipande kifupi cha mpira mnene, kivike juu yake, upande wa pili kiingize bolti na kaza kwa klipu. Usiiache wazi hata kwa dakika chache, kwani silinda iliyo karibu itakula hewa tupu na vali zake zitapata moto kupita kiasi. Sasa endesha gari siku moja ya jua, bila waipa. Moshi ukiisha, na injini ikinguruma tulivu kuliko jana, ringi zako hazina kosa. Tatizo ni dayaframu.

Moshi usipoisha, hapo mfikirie fundi wako vizuri. Ila kuna jambo la kulitazama kabla ya kukubali. Moshi unaotoka kwa kishindo ukishamaliza mteremko mrefu na kukanyaga mafuta tena, huku ukiendesha tambarare hauonekani, mara nyingi unatokana na kulika kwa miongozo ya vali, ile mirija ambamo mashina ya vali hupanda na kushuka. Ringi zilizochoka hutoa moshi hasa ukikanyaga kwa nguvu, na injini huwa inapumua sana kwenye mdomo wa kujazia oili. Dayaframu iliyopasuka nayo hupenda kutoa moshi baada ya mteremko, maana vakyumu kubwa huvuta oili nyingi, kwa hiyo macho pekee hayatoshi kutofautisha. Kuziba chuchu ndiko kunakoamua.

Kuitengeneza pampu si kazi ngumu, ila inataka utaratibu. Kabla ya kufungua, piga mstari wa rangi ubavuni unaopita kwenye vipande vyote, ili ukiirudisha midomo ya paipu ielekee ilikokuwa. Legeza skurubu kidogo kidogo kwa kuzunguka, maana springi ya upande wa vakyumu ni kali na inaweza kurusha mfuniko. Vali ndogo za ndani zisafishe na kuzijaribu kwa mdomo: kila moja ipitishe pumzi upande mmoja tu. Wakati wa kufunga dayaframu mpya, skurubu ziingize zote bila kukaza, mwambie mtu auvute mkono wa pampu mpaka mwisho na aushikilie hapo, ndipo ukaze kwa kupishana pande. Ukikaza mkono ukiwa umelegea, dayaframu inabaki imetanuliwa na itapasuka mapema. Vifaa vya kutengenezea pampu hizi bado vinauzwa na watu wa Uingereza wanaohudumia Ford za zamani. Unapoagiza, agiza seti ya pampu ya vyumba viwili na uipige picha ya kwako uwatumie, kwa sababu zipo zinazofanana kwa nje na zisizoingiliana ndani.

Inawezekana pia kwamba ukifungua boneti utakuta pampu ya chumba kimoja tu. Magari mengi ya umri huu yalishabadilishiwa pampu, fundi akachukua iliyopatikana, akaunga mpira wa waipa moja kwa moja kwenye manifoldi. Ikiwa ndivyo, moshi wako una chanzo kingine, na kulala mlimani hakutaisha mpaka msaidizi arudishwe. Tafuta pampu ya asili. Wakati unaitafuta unaweza kufunga tangi dogo la chuma la lita chache, lenye vali ya njia moja upande wa manifoldi. Vali ya buster ya breki (kile chombo cha vakyumu kinachosaidia mguu kwenye breki) kutoka kwenye gari lililokatwa inafanya kazi hiyo. Tangi linahifadhi vakyumu na kukupa mapigo machache baada ya kukanyaga mafuta. Ni msaada wa kuvukia kona, si wa kupandia ukuta wote. Usitumie chupa au dumu la plastiki, litabonyea.

Tuseme sasa pampu iko sawa, au umeshaitengeneza, na waipa bado zinatambaa gari likiwa limesimama. Hapo gawa mfumo vipande: chanzo, mpira, mota, viungio na vipangusio. Usishughulikie viwili kwa pamoja, la sivyo hutajua kipi kilichopona.

Chanzo kinapimwa kwa geji ya vakyumu, chombo cha bei ya chini ambacho fundi wa magari ya kabureta anatakiwa kuwa nacho. Iunge kwenye manifoldi, injini ikiwa imepata moto, bila kukanyaga mafuta. Vitabu vitakuambia utarajie inchi 17 mpaka 21 za zebaki, sindano ikiwa imetulia. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wa usawa wa bahari, na hapa ndipo mafundi wa Nairobi na Nakuru hupotea. Kila unapopanda meta 300 hivi, somo la geji hushuka kama inchi moja kwa sababu hewa yenyewe imepungua uzito. Nakuru iko meta 1,850 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo injini ambayo Mombasa ingesoma 19, kwako itasoma kama 13, na ni nzima kabisa. Ukipata kati ya 12 na 15 na sindano haitikisiki, injini yako iachie. Na ndiyo sababu waipa za Zephyr iliyoko pwani zitaonekana kuwa na nguvu kuliko zako hata mota zikiwa pacha: kinachosukuma kile kibao ni hewa ya nje, na ya kwako ni nyepesi. Kosa dogo ambalo gari la Mombasa lingelivumilia, la kwako linalihisi mara moja.

Sindano ikiwa chini lakini imetulia, angalia kwanza majira ya moto kwenye distributa, yaani wakati cheche zinapopigwa, kisha gasketi ya manifoldi, kisha ekseli ya kipepeo cha kabureta, ambayo ikilika huvuta hewa pembeni. Sindano ikiruka kwa mpigo mmoja unaorudiarudia, vali moja haifungi vizuri.

Mpira sasa. Kama chanzo ni kizuri, hamisha geji mpaka mwisho wa mpira, pale unapoingia kwenye mota. Masomo mawili yawe sawa au yakaribiane sana. Yakitofautiana, kuna uvujaji au kuna mahali pameziba. Njia nyingine ya haraka: injini ikinguruma, bana mpira karibu na manifoldi kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Injini ikibadilika sauti na kutulia, hewa inavuja mbele ya pale ulipobana. Sogeza koleo hatua kwa hatua kuelekea kwenye mota mpaka ubanaji usilete mabadiliko tena. Hapo umeupita uvujaji.

Kuna kosa moja la mpira ambalo huwatesa watu, na huwezi kuliona injini ikiwa imezimwa. Mtu amenunua mpira wa kawaida, ule wa petroli au wa maji, wenye ukuta mwembamba. Ukiutazama ni mpya, unang'aa, hauna ufa. Injini ikishapasha joto chumba chake, mpira unalainika, na vakyumu inaubana kutoka ndani kuta zake zikutane. Asubuhi waipa zinafanya kazi, baada ya nusu saa zinakufa. Washa injini, iache ipate moto, kisha pitisha vidole juu ya mpira wote, hasa kwenye kona karibu na ukuta unaotenga injini na abiria. Ukikuta mahali palipobonyea, ng'oa wote. Nunua mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene, uliosokotwa uzi ndani, kama ule wa buster za breki lakini mwembamba zaidi. Maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huwa nao. Nenda na kipande cha zamani upimishe tundu, maana ukiwa mpana hautakaza kwenye chuchu.

Kabla ya kuigusa mota, chomoa viungio vinavyoiunganisha na mikono ya waipa. Kisha isogeze mikono hiyo kwa kidole kimoja. Inatakiwa iende na kurudi bila kubisha. Katika magari yaliyokaa muda mrefu gereji, ekseli ndogo zinazotokeza chini ya kioo huwa zimejaa grisi iliyogeuka nta, na mota yenye nguvu ndogo kiasi hiki haiwezi kuzizungusha. Nguvu yake ni ndogo kweli: kwa vakyumu ya inchi 12, kila sentimeta ya mraba ya kibao inasukumwa na chini ya nusu kilo. Dondosha mafuta ya kupenyeza kwenye ekseli, ziache usiku mzima, zizungushe, futa, kisha tia oili nyepesi. Usitie grisi tena. Nimeona waipa zilizohukumiwa kufa zikifufuka kwa kazi hiyo peke yake.

Angalia na vipangusio vyenyewe. Watu hufunga mikono ya gari la kisasa kwa sababu ndiyo inayopatikana, na springi zake zinakandamiza kioo mara mbili ya ile ya asili. Au wanaweka raba ndefu zaidi ili zipanguse eneo kubwa. Vyote viwili ni mzigo. Rudisha urefu na springi za asili. Kioo nacho kisafishe vizuri mpaka nta ya sabuni za kuoshea magari iondoke. Kioo chenye nta kinashika raba. Na usiziwashe waipa hizi kwenye kioo kikavu, hata kwa kujaribu. Mwaga maji kwanza.

Mota ije mwisho. Ikiwa imechomolewa viungio, vuta kwa pampu ndogo ya mkono ya vakyumu, au hata kwa mdomo kupitia mpira safi. Kibao kitembee mpaka mwisho, kigeuke, kirudi. Kikitembea upande mmoja na kusimama, vali haigeuki: imekwama kwa uchafu au springi yake imechoka. Kikitembea kivivu huku unasikia hewa ikifyonza muda wote, ngozi zimekauka na hazizibi.

Jaribu tiba bila kufungua kwanza. Mimina kijiko kidogo cha mafuta ya kwato za ng'ombe kwenye tundu la mpira. Ni yale yale ambayo wenye farasi hulainishia matandiko, na maduka ya vifaa vya farasi huyauza. Chezesha mkono wa mota taratibu ili mafuta yaenee, ilaze usiku mzima, igeuze ilale upande wa pili siku ya pili, kisha acha mafuta yaliyozidi yatoke. Ngozi ikishanyonya inavimba kidogo na kurudi kugusa kuta. Oili ya injini usiitumie humo, inaacha utando unaonata. Petroli usiioshee ngozi, inamaliza mafuta yote yaliyobaki ndani yake. Baadhi ya mota zina kichujio kidogo kwenye tundu la hewa. Kikijaa vumbi la Naivasha na Gilgil hewa haiingii na kibao kinakwenda polepole pande zote mbili. Kitoe, kisafishe, kikaushe.

Ukilazimika kuifungua, fanyia kazi hiyo mezani juu ya kitambaa cheupe, na piga picha kila hatua, hasa jinsi springi ya vali ilivyokaa, kwa kuwa ndiyo inayoruka na kupotea. Gasketi ya mfuniko ni karatasi nyembamba. Kata mpya, ipake utando mwembamba sana wa mafuta, usiweke silikoni, maana kipande chake kikimeguka kitaziba vitundu vya vali. Kitu pekee kitakachonifanya nikwambie tafuta mota nyingine ni nyumba iliyopasuka au kuta za ndani zilizochimbika kwa kutu. Ngozi hukatwa upya na fundi wa viatu mwenye mkono mtulivu. Mpelekee ile ya zamani awe na kipimo.

Kuhusu umeme sasa. Fundi wako hajasema jambo la ajabu, wengi wamefanya hivyo, na gari la volti 12 kama lako linaweza kulisha mota ya umeme. Lakini kwanza atalazimika kutoboa bodi au kutengeneza kishikio, pembe ya mkono wa mota mpya isipolingana raba zitagonga fremu ya kioo, na dainamo ya kizamani huchaji kidogo sana ukiwa kwenye foleni na taa zimewashwa. Zaidi ya yote, kama ugonjwa ni dayaframu, mota ya umeme itauficha tu: waipa zitakwenda, na injini itaendelea kula oili na hewa mpaka vali ziungue. Ponya pampu kwanza. Baada ya hapo, kama gari hili ndilo unaloendeshea kazini kila usiku wa masika, sitakulaumu ukienda umeme, maana kuona barabara ni uhai. Ila omba kila kitu cha asili kiwekwe kwenye sanduku, mashimo mapya yasitobolewe mahali pasipozibika, na mpira wa manifoldi uzibwe kwa kofia ya chuma. Kama unalitoa Jumapili na kulipeleka kwenye maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi, nakusihi liache na vakyumu. Zephyr zilizobaki zikiwa na mfumo wake wa asili unaofanya kazi ni chache, na ya mzee wako inaweza kuwa mojawapo.

Hata ukitengeneza kila kitu, huo mlima utaendelea kutaka adabu ya uendeshaji. Gia za Zephyr ni tatu tu, na watu hupenda kuing'ang'ania ya tatu mpaka injini inalia huku mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Shuka gia ya pili mapema, kabla gari halijachoka. Injini itazunguka zaidi kwa mguu mwepesi, kipepeo kitabaki nusu, na vakyumu haitaanguka yote. Tena mapigo ya pampu hufuata kasi ya injini, kwa hiyo mizunguko mingi inaiongezea nguvu. Lori likikurushia tope, inua mguu kidogo kwa sekunde moja: waipa zitapiga mara moja au mbili, kioo kitaonekana, kisha endelea kukanyaga. Wale mnaowakumbuka wakipanda na mvua bila wasiwasi walikuwa wanaendesha hivyo. Usilipite gari lingine mvua ikiwa kubwa, maana kulipita ndio wakati utakaokanyaga kila kitu na kupofuka.

Na mpaka kile kipimo cha kuziba chuchu kifanyike, usiupande ukuta wa Mai Mahiu na gari hili usiku au mvua ikiwa imetanda. Lala Naivasha, upande asubuhi. Ukishapima, niandikie mambo mawili: kitambaa kilitoka na nini kwenye paipu, na geji ilisoma ngapi ukiwa Nakuru.